Mtoto wa darasa la tano asiyejua kusoma: mimi huanza naye hivi

Shija alikuwa na mwandiko mzuri kuliko watoto wote wa darasa la tano. Herufi zimesimama, mstari haupandi haushuki, tarehe imepigiwa mstari kwa rula. Daftari lake la sayansi lilijaa tiki zangu nyekundu. Siku moja nasahihisha, nikamwita mezani anisomee sentensi aliyoandika asubuhi ile kuhusu mmeng'enyo wa chakula. Akaitazama. Akanitazama mimi. Akasema, "Mwalimu, mimi huwa naandika tu."

Alikuwa anachora. Alikuwa akichora ubao wangu na wa wenzangu tangu darasa la kwanza, nasi tukimpa tiki.

Mimi ni Msambaa wa Lushoto, nimefundisha Usukumani, wilaya ya Maswa, kwa muda mrefu kiasi kwamba nikienda nyumbani wananicheka lafudhi. Haya ninayoandika, ya kuwapima watoto kwa mdomo na kuwafundisha kwa kiwango chao, ni kwa mwalimu mwenzangu mwenye darasa la watoto sabini, ubao mmoja uliopauka, na ndani ya hao sabini wamo akina Shija asiowajua. Sikuyabuni mimi. Mzizi wake uko India, kwa shirika la Pratham lililoanzia mitaa ya mabanda ya Mumbai mwaka 1995. Kwetu huku wengi tulikutana na jambo hili kupitia Uwezo, wapimaji wa kusoma na kuhesabu, waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kuanzia miaka ya 2009 na 2010 wakiwapa watoto karatasi ya kusoma ya kiwango cha darasa la pili. Nimechukua yao, nikayakata yaingie kwenye shule yangu.

Kwanza: msikilize mmoja mmoja, kwa mdomo

Acha mtihani wa kuandika. Mtihani wa kuandika ndio uliomficha Shija. Wa kuchagua a, b, c, d ni mbaya zaidi, maana hapo hata mbuzi akikanyaga karatasi hakosi mawili matatu.

Chukua karatasi moja, iandike kwa herufi kubwa safi. Juu weka silabi kumi, tena zilizochanganywa: ti, bo, ka, me, su, nye, cha, mbu, gwa, ng'o. Chini yake maneno kumi mafupi ya nyumbani: kuku, maji, jembe, ng'ombe, chungu, na kadhalika. Chini tena, aya ya sentensi nne. Yangu ni hii:

"Bibi ana mbuzi watatu. Mmoja ni mweusi. Jana mbuzi huyo alikata kamba. Aliingia shamba la pamba."

Nyuma ya karatasi iweke hadithi yenyewe, ndefu kidogo: "Mwenye shamba alikuja na hasira. Bibi alimpa kiti na maji ya kunywa. Walizungumza mpaka jua likazama. Mwenye shamba alirudi kwake akicheka. Asubuhi mbuzi mweusi alifungwa kamba mbili."

Kaa naye pembeni, chini ya mti, mbali na masikio ya wenzake. Anza na aya. Akiisoma kama mtu anayesema sentensi, asiwe anaokota neno moja moja kama mchele wenye mawe, na makosa yasizidi matatu, mgeuzie hadithi. Akishindwa aya, mrudishe kwenye maneno; achague matano mwenyewe, akipata manne huyo ni wa maneno. Akishindwa hapo, silabi, kwa hesabu hiyo hiyo. Akishindwa silabi naye mwandike. Usikunje uso, usimwambie mwenzako kwa sauti. Mtoto mmoja hakuchukui dakika tano. Darasa la sabini nililimaliza kwa siku nne, walimu wawili, wakati wa mapumziko na baada ya vipindi.

Kuna mitego. Mtoto aliyekariri kitabu cha darasa la kwanza atakusomea ukurasa mzima huku macho yake yako kwenye mkwaju. Niligundua nilipofunika mistari miwili kwa kiganja naye akaendelea kusoma kiganja changu. Ndiyo maana karatasi iwe mpya, usitumie kitabu cha darasani. Mtego mwingine ni "ba be bi bo bu": wanaiimba vizuri sana, lakini ukigusa "bo" peke yake mtoto anaanza kuimba kimoyomoyo toka "ba" mpaka aifikie. Huyo silabi hajazijua, anajua wimbo. Na wa tatu unatuhusu sisi wageni wa lugha. Mtoto wa Kisukuma akisoma "lafiki" palipoandikwa "rafiki", amesoma. Ulimi wake ndio umekwenda kwao. Usimhesabie kosa.

Ukimaliza hadithi uliza maswali mawili. Moja jibu lake liko kwenye maandishi: mwenye shamba alipewa nini? La pili halipo: unadhani bibi alimwambia nini mpaka akacheka? Kabula alinisomea hadithi yote bila kukwama, nilipouliza akanyamaza. Nikamwambia aniambie kwa Kisukuma. Akamwaga maneno, mimi nikawa naokota "mbuli" na "minzi" tu, ikabidi niite mtoto wa darasa la saba anitafsirie. Kumbe alielewa kila kitu, na bibi wake yeye alimtania yule mwenye shamba kwamba ni mtani wake. Kabula hakuwa na tatizo la kusoma. Kiswahili cha kujieleza ndicho kilikuwa hakijatosha. Haya ni magonjwa mawili, dawa zake si moja.

Wapange kwa kiwango, saa moja kwa siku

Ukishajumlisha utakuta jambo la kukukosesha usingizi kidogo. Darasa la tatu lina watoto wanaosoma hadithi, darasa la tano lina watoto wa silabi. Sasa kwa saa moja, kila siku mtakayoitenga, sahau madarasa. Watoto wote wa la tatu, la nne na la tano wanatawanyika: wasiojua silabi na wa silabi mahali pamoja, wa maneno mahali pao, wa aya na hadithi mahali pao. Saa ikiisha kila mmoja anarudi darasani kwake, ratiba inaendelea kama kawaida.

Saa hiyo itatoka wapi? Hapa ndipo nilipobishana na wenzangu zaidi. Sisi tuliichukua kwenye usafi wa asubuhi na mistarini. Uwanja wa shule zetu hufagiliwa kila siku kana kwamba Rais anapita, halafu mtu anakwambia muda wa kusoma hautoshi! Tukakubaliana kufagia Jumatatu na Alhamisi. Siku nyingine tatu saa 1:30 mpaka saa 2:30 ni kusoma. Mwalimu mkuu hapo mwanzo alikuwa na wasiwasi kwamba wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija watakuta uchafu. Nikamwambia, "Mkuu, wakija wakakuta majani wataandika majani. Wakikuta darasa la tano hawasomi, wataandika nini?" Alicheka, akasema tujaribu mwezi mmoja.

Walimu hawatoshi, najua. Kundi la hadithi halihitaji mwalimu wa kusimama mbele muda wote. Linahitaji vitabu na kazi: someni wawili wawili, mwulizane maswali, andikeni mwisho mwingine. Mwalimu mwenye subira kuliko wote shuleni mpeleke kwa wa silabi. Kwa kawaida tunafanya kinyume, hodari anapewa darasa la saba. Kama uko peke yako kabisa, gawa watoto wako mwenyewe makundi mawili, moja lisome wenyewe chini ya mti dakika thelathini, jingine liwe nawe, kisha badilisha.

Nilipokosea vibaya ni majina ya makundi. Niliyaita A, B na C. Siku ya pili uwanja mzima ulishajua C ni nini. Mvulana mmoja wa la tano, mrefu kunizidi, niliyemweka na vitoto vya la tatu, hakurudi. Wiki mbili alikuwa anachunga. Nilimfuata mwenyewe malishoni, nikapokewa na ng'ombe kabla yake. Hakutaka kuongea, nami sikumlaumu. Nilibadilisha mambo mawili: makundi yakaitwa kwa mahali yanapokaa, Mwembeni, Mkwajuni, Barazani, na wakubwa waliobaki nyuma nikawaweka kipembe chao ndani ya Mwembeni, wanne pamoja, na kazi yao ya kutengeneza kadi za wadogo. Anayekata na kuandika kadi za silabi siku tatu anazijua bila kuambiwa anafundishwa. Mvulana alirudi.

Kundi la silabi: hapa ndipo pa kukaa sana

Usianze na mpangilio wa alfabeti. Ukianza ba, kisha cha, kisha da, mtoto atakaa wiki mbili bila kusoma neno analolijua. Anza na irabu, a e i o u, siku moja tu. Kesho yake leta k, t, m na l. Kwa hizo nne peke yake una kuku, kiti, mama, mate, kata, taka, tamu, kula, lala, lima, mali. Mtoto anakwenda nyumbani siku hiyo amesoma maneno kumi, na anajua kwamba maandishi yanasema kitu. Kisha b, n, s, p, halafu zilizobaki.

Fundisha sauti ya herufi. Jina lake litasubiri. Mtoto anayejua "em" na "a" hawezi kuona kwa nini "em-a" iwe "ma". Mwambie "mmm", afunge midomo aisikie puani, kisha aifungue kwa "a".

Kadi zangu nakata kwenye maboksi ya sabuni ninayoombea dukani. Silabi moja kila kadi, kwa kalamu nene ya wino mweusi. Mchezo wanaoupenda kuliko yote ni kugeuza. Weka "li" na "ma": lima. Badilisha nafasi: mali. "Kata" inageuka "taka". "Mate" inageuka "tema". "Kiti" inageuka "tiki", na hapo wanapiga kelele kwa sababu tiki wanaijua. "Kula" ukiigeuza inakuwa "laku", wanaangua kicheko, na kicheko hicho ni ushahidi: mtoto anayecheka "laku" ameisoma na ameona haina maana. Asiyecheka bado anaimba.

Mchezo wa pili hauhitaji hata boksi. Chora vyumba vya kurukia ardhini, kila chumba silabi. Taja neno, mtoto aruke silabi zake kwa mpangilio. Siku ya matope mfanyie ubaoni kwa fimbo.

Sauti ngumu, yaani mb, nd, ng, ny, ch, sh, mw, kw na ndugu zao, usiziogope wala usizirundike mwisho wa mwaka. Kitabu huleta ng' kwa kuchelewa, lakini mtoto wa huku neno analotaka kulisoma la kwanza ni ng'ombe, basi mpe ng'ombe wiki ya kwanza. Kikwao kimejaa ng'. Mtoto wa mjini anang'ang'ania "ng-ombe", wa kwangu anaitoa safi kuliko mwalimu. Shida yao iko kwenye th, dh na r, na hapo naenda polepole.

Halafu, hata kwa asiyejua silabi moja, kila siku msomee hadithi. Dakika kumi, kitabu kimeelekezwa kwao, kidole kinatembea chini ya maneno. Wazungumzie kwanza, kwa Kisukuma ikibidi: nani ana mbuzi nyumbani, aliwahi kukata kamba, nini kilitokea? Sheria ya shule inasema Kiswahili, nami nafundisha Kiswahili. Ila mtoto hapiti mtoni kwa kuambiwa ng'ambo kuzuri, lazima apate pa kukanyaga.

Kundi la maneno na kundi la aya

Hawa wanakwenda upesi, nisikuchoshe. Wa maneno wape sentensi fupi walizozisema wao. Uliza, "Jana sokoni uliona nini?" Andika jibu lake vilevile, jina lake mbele: "Kulwa aliona punda amelala barabarani." Kila mtu atataka kuisoma ya Kulwa, na Doto atataka yake. Wa aya wasome wawili wawili, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole. Kinachowakwamisha ni kasi: anasoma neno la sita ameshasahau la kwanza. Dawa yake ni kurudia aya ileile mara tatu, leo na kesho.

Hesabu, kwa kifupi

Yule mvulana mrefu alijua ng'ombe wa baba yake kwa kuwatazama tu, na chenji ya sokoni humwibii. Daftarini 27 kujumlisha 15 aliandika 312. Saba na tano kumi na mbili, mbili na moja tatu. Ukimwambia "umekosa" hajui amekosa wapi, kwa sababu kila hatua ni sahihi. Mpe vijiti, afunge kumi kumi kwa mpira au ukambaa. Vifungu viwili na vijiti saba, kifungu kimoja na vijiti vitano. Vijiti kumi na viwili, je, hakuna kifungu kingine humo? Afunge mwenyewe. Kisha umwulize kwa shilingi. Baada ya hapo ndipo daftari. Vizibo vya soda vinafaa pia ila vinapotea, na wengine watavipigia gololi.

Wazazi, na mama asiyejua kusoma

Tulipoitisha mkutano, mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mnatuambia tuwasikilize watoto wakisoma, sisi wenyewe hatujui, tutajuaje kama anatudanganya?" Ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na wataalamu. Nilimjibu hivi, na mpaka leo nawaambia wazazi wote. Usiku mwambie akusomee mistari miwili, weka alama ya mkaa pembeni. Asubuhi kabla hajatoka mwonyeshe alama, asome tena. Yakiwa ni maneno yaleyale, anasoma. Yakibadilika, anatunga. Kisha gusa neno moja katikati, umwulize hili ni lipi. Mama yule alirudi wiki iliyofuata na mwanawe, kamshika sikio: alikuwa anatunga.

Kuna mengine hayatibiwi na kadi. Aliyekuja bila kula anasinzia saa nne, na msimu wa kuvuna pamba makundi yanapungua nusu; usihamishe mtu kundi msimu huo, subiri. Na kabla hujasema mtoto ni mzito, mketishe mbele, halafu simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini. Wawili kati ya wale wasiojua silabi mmoja alikuwa haoni ubao, mwingine sikio moja halisikii.

Watakaokwambia subiri vitabu

Vitabu vije, nani atakataa? Lakini Busia, Kenya, watafiti walipofuatilia shule zilizogawiwa vitabu bure miaka ya 1990, waliopanda ni wale waliokuwa vinara tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, wengine hawakuweza kuvisoma. Na Mumbai na Vadodara, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasichana wa mitaa hiyohiyo waliopewa mafunzo mafupi walikuwa wakiwachukua waliobaki nyuma saa mbili kwa siku, na wale dhaifu kabisa ndio waliopanda zaidi. Nilipomsomea mwalimu wa taaluma habari hii kwenye simu alisema, "Basi hata sisi wenye diploma tunaweza." Kwa ucheshi wake huo akakubali kushika Mkwajuni.

Pima tena kila baada ya wiki nne au tano, kwa mdomo vilevile. Anayepanda mhamishe siku hiyohiyo, usingoje muhula uishe. Asiyesogea mara mbili mfululizo, acha kumrudishia ulichokwisha kumfanyia. Kaa naye peke yake dakika kumi utafute anakokwama. Kwa Shija ilikuwa b na d. Alizichora vizuri sana, zote mbili, na kwake zilikuwa picha moja iliyogeuka. Nilimpa b kila siku upande wa ukutani na d upande wa mlangoni kwa siku tisa.

Matokeo yaandike kwenye daftari moja, jina, tarehe, kiwango, na ulitunze mbali na mchwa. Na karatasi ya hadithi ibadilishe kila unapopima. Ile ya mbuzi wa bibi hapa kijijini haifai tena, siku hizi hata wasiosoma wanajua alifungwa kamba ngapi.